Adabu za Nyumbani: Viatu Vibaki Mlangoni au Viingie?

Barua nyingi za msimu huu zimelenga jambo moja: mgeni afanye nini na viatu vyake anapofika mlangoni mwa watu. Tumechagua zile zinazogusa wengi, tukazifupisha. Kabla ya kuvua au kutovua, tunamwomba msomaji ajiulize: sakafu ya nyumba hii inafanyiwa nini? Kuna nyumba ambazo sakafu ni ya kupita tu. Na kuna nyumba ambazo pale pale panapopitwa ndipo unapotandikwa mkeka wa chakula, ndipo mtoto anapotambaa, ndipo watu wanaposali. Mgeni anayeitazama sakafu kwa jicho hilo ni nadra kukosea.

Nimeolewa Tanga, kwetu ni Dodoma. Nikifika kwa mawifi na mashangazi wa mume wangu huinama kuvua viatu, naambiwa, "Ah, pita tu navyo, wifi." Nikipita navyo, macho yananifuata hadi kwenye kochi. Nikivua, naambiwa najitesa. Nishike lipi?
*Msomaji, Tanga*

Dada, "pita tu navyo" ni ukarimu. Mwenye nyumba anakuondolea taabu ya kuinama, na hapo hapo anatumaini kwamba utainama. Kwa hiyo sikiliza maneno, lakini amua kwa macho. Tazama miguu ya aliyekufungulia mlango. Tazama kama kuna viatu vimepangwa nje ya kizingiti. Kisha tupia jicho ndani: kuna mkeka, zulia, mtoto mchanga chini? Kama shangazi yuko miguu mitupu na kandambili zake ziko mlangoni, vua hata akikukataza mara mbili. Jibu lako liwe fupi na jepesi: "Ahsante shangazi, acha miguu ipumue." Usibishane naye mlangoni.

Kuna wakati wa kutii pia. Akikukataza kwa mara ya tatu, naye mwenyewe amevaa viatu, na sakafu ni ya saruji tupu, futa soli zako kwenye tambara la mlangoni uingie. Huenda saruji imechimbika, au ndio kwanza amepiga deki na sakafu haijakauka, au mchanga umeingia na hajafagia. Ukishikilia kuvua, unamlazimisha akimbilie ufagio mbele yako. Heshima hapo ni kumwacha na siri yake.

Sasa namna yenyewe ya kuvua, kwa sababu wengi huharibu hapo. Kwanza piga hodi ungoje "karibu". Usivue kabla, maana huenda ukakaribishwa barazani tu, au ukaambiwa mwenyeji hayupo. Vua nje ya kizingiti. Kama baraza limetandikwa mkeka, vua kabla ya mkeka. Shika ukuta au fremu ya mlango, usishike pazia: fimbo ya pazia haikuwekwa kubeba mtu. Kosa kubwa hutokea kwenye mguu wa kwanza. Mtu anavua kiatu kimoja, anayumba, anakanyaga chini nje kwa mguu mtupu ili apate mizani, kisha anaingia na mchanga ule ule aliokuwa akijaribu kuuacha. Ukitoa mguu kwenye kiatu, uvushe moja kwa moja hadi upande safi, kisha utoe wa pili. Ukishaingia, geuka uviweke viatu pamoja, pembeni, ili mlango ukifunguliwa usivisukume. Soli ziwe chini. Kiatu kilichopinduka soli juu kinawaudhi wazee wengi wa Pwani. Ukikiona, hata kama si chako, kigeuze.

Siku unayojua utazunguka kwa wakwe, chagua kiatu cha kutoka haraka: makubadhi, sendo, au kiatu cha kuchomeka. Mchuchumio wa mikanda mitatu na vifungo utakuweka mlangoni dakika nzima huku nyumba nzima ikikutazama.

Ukishakaa, kumbuka miguu sasa inaonekana. Usiipandishe juu ya kochi, wala usikunje nne mbele ya wazee. Kwenye mkeka, kunja miguu au ilaze upande mmoja chini ya khanga, nyayo zisielekee mtu wala chakula. Ukitaka kupita, zunguka. Hakuna kuruka sinia, hakuna kuruka miguu ya mtu aliyekaa.

Tumemaliza nyumba na tumeweka zulia jeupe sebuleni. Mume wangu anaona aibu kuwaambia wageni wavue viatu, mimi nashinda na brashi. Tuandike tangazo mlangoni?
*Mwenye nyumba, Mwanza*

Tangazo msiweke, dada. Karatasi mlangoni inaifanya nyumba ifanane na ofisi, na inamsomesha mgeni kabla hajasalimiwa. Mlango wenyewe ndio useme.

Mgeni huona aibu kuvua anapokuwa hajui pa kuweka viatu, hana pa kukaa, na hana cha kuvaa baadaye. Mambo hayo matatu yako mikononi mwenu. Viatu vya mtu mzima vinachukua upana wa sentimita 25 hivi, kwa hiyo kichanja cha mita moja kinabeba jozi nne. Fundi seremala akikutengenezea ngazi tatu, una nafasi ya jozi 12, na kina cha sentimita 30 hadi 35 kinatosha hata raba kubwa. Acha mapengo kati ya mbao ili viatu vikauke. Kabati lililofungwa hulimbikiza harufu. Pembeni weka kigoda au benchi la kimo cha kiti, sentimita 45. Mtu aliyevaa viatu vya kamba hawezi kuvifungua kwa adabu akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Nje weka zulia gumu la makumbi la kukwangulia soli. Ndani weka tambara laini la kunyonya maji. Watu hununua lile laini tu, wakaliweka nje. Mvua moja tu na limekuwa tope lenyewe. Makumbi yanakwangua na hayashiki maji sana, ndiyo maana nafasi yake ni nje.

Halafu ndala za wageni. Msinunue namba moja. Jozi mbili za 38 au 39, jozi mbili za 42 au 43, na moja kubwa kuliko hizo: mguu mdogo unaingia kwenye ndala kubwa, mguu mkubwa hauingii kwenye ndogo. Zioshwe kwa sabuni kila wageni wanapoondoka, zikaushwe juani. Ndala ambayo soli yake imelainika kama sabuni itupwe, maana kwenye vigae inateleza.

Siku ya wageni, wewe na mume wako muwapokee mkiwa tayari hamna viatu, na mmoja wenu aseme akiwa anaongoza njia: "Karibuni sana, tuache viatu hapa, ndala hizi." Neno ni *tuache*, hakuna aliyeamrishwa. Wageni wa mbali waambiwe mapema kwenye simu ya mwaliko, ili atakayekuja na soksi iliyotoboka abadilishe akiwa kwake.

Atakayeingia na viatu hata hivyo, mwacheni. Msimkodolee macho miguuni, msimfuate na ufagio. Tope likibaki kwenye zulia, liache likauke kabisa, ulibrashi, ukung'ute au uvute kwa mashine, kisha doa linalobaki uligandamize kwa kitambaa chenye maji na matone machache ya sabuni ya vyombo. Kusugua tope bichi kunalizamisha kwenye nyuzi, na hapo ndipo zulia jeupe linapopata baka la kudumu. Tungeshauri pia, kwa moyo mweupe, kwamba sebule inayopokea watu wengi ihurumiwe kwa zulia la rangi iliyokolea.

Miguu yangu inanuka. Siendi kwa watu wanaovua viatu. Nimenunua pafyumu ya viatu, haisaidii. Mchumba wangu amenialika kwao mwezi ujao.
*Kijana, Morogoro*

Kaka, hili linatibika, na mwezi mmoja unatosha. Jasho lenyewe halinuki. Nyayo zina tezi za jasho nyingi sana. Jasho likifungiwa ndani ya kiatu, ngozi ya juu inalainika, na bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanakula jasho na ngozi iliyokufa. Mabaki ya kazi yao ndiyo yenye harufu ya kuchacha. Pafyumu inaongeza harufu juu ya harufu, bakteria wanabaki pale pale na unyevu wao.

Kwa hiyo vita ni juu ya unyevu. Osha miguu asubuhi na usiku kwa sabuni, ukipitisha kidole kati ya vidole vyote, si kumwagia maji tu bafuni. Kisha kausha, na hapa ndipo wengi wanapoachia: katikati ya vidole pakavu kabisa kwa taulo, hasa kati ya kidole cha mwisho na cha nne, panapobana. Soksi za pamba kila siku safi. Mchana wa joto, beba jozi ya pili ubadilishe saa saba. Soksi za nailoni ziweke kando. Zioshe ukiwa umezigeuza ndani nje, kwa sababu uchafu uko ndani.

Usivae kiatu kimoja siku mbili mfululizo. Kiatu kilicholowa jasho hakikauki usiku mmoja. Uwe na jozi mbili zinazopokezana, utoe soli za ndani zikae pembeni, ufungue kamba hadi chini. Raba za kitambaa zianikwe juani. Za ngozi zikae kivulini penye upepo, jua kali linapasua ngozi. Kama kiatu kimenyeshewa, kijaze gazeti, na baada ya saa chache ulitoe ujaze jingine kavu. Gazeti lililolowa likiachwa humo linakuwa kama kitambaa cha maji. Soli ya ndani iliyokwisha kuchacha haiokoki, nunua nyingine.

Kwa wiki ya kwanza ongeza maji ya chai. Chemsha vifuko viwili vya majani ya chai kwenye nusu lita ya maji kwa dakika 15, ongeza lita mbili za maji ya baridi, ukalize miguu humo dakika 20 hadi 30 kila siku. Tanini ya chai inakaza ngozi na kupunguza jasho. Huenda nyayo zikabadilika rangi kidogo, hupotea. Unaweza pia kupaka nyayo ile dawa ya kuzuia jasho la kwapa, usiku, miguu ikiwa mikavu. Angalia iandikwe kwamba inazuia jasho. Inayonukisha tu ni pafyumu kwa jina jingine.

Kama kati ya vidole ngozi ni nyeupe, imelowana, inawasha au inachanika, hizo ni fangasi na kuosha peke yake hakutoshi. Muulize mfamasia krimu ya klotrimazoli, upake kama ulivyoelekezwa, na uendelee wiki mbili baada ya dalili kuisha. Watu huacha siku ngozi inapopendeza, nazo zinarudi. Ukiona hakuna nafuu baada ya mwezi, nenda kituo cha afya.

Siku ya ugeni: osha miguu kabla ya kutoka, vaa sendo za wazi badala ya raba. Ukifika umetota jasho la safari, ni ruhusa kusema, "Naomba maji ninawe miguu." Kwa watu wa Pwani ombi hilo linampandisha mgeni cheo. Utaonyeshwa bomba la nje au utaletewa ndoo na kata.

Na kwa akina dada walioandika kuhusu magaga: loweka dakika 10 hadi 15 kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kwa jiwe taratibu, paka mafuta mazito ya mgando, vaa soksi za pamba ulale nazo. Kila usiku kwa wiki mbili tatu. Wembe usiguse kisigino.

Nina kisukari, na daktari amenikataza kutembea miguu mitupu hata ndani. Wanangu wananiona mkaidi ninapokataa kuvua viatu kwa wakwe zao.
*Mzee, Moshi*

Shikamoo mzee wetu. Daktari wako ndiye wa kusikilizwa, na wanao tunawaomba wasome hapa. Kisukari kinaweza kuua hisia za nyayo. Mtu anakanyaga pini, kibanzi cha kigae au kaa la udi lililodondoka, na hasikii. Jeraha analiona siku ya tatu, na kwa mwenye sukari jeraha la mguu ni jambo la hospitali.

Njia inayokupa yote mawili ni viatu vya ndani: jozi laini, iliyofungwa mbele, soli ngumu kiasi, ambayo haijawahi kukanyaga nje. Ibebwe kwenye mfuko wa kitambaa. Unafika, unaketi barazani, mwanao anakusaidia kubadilisha, unaingia ukiwa safi na salama. Kabla ya kuvaa tena vya nje, pitisha mkono ndani kuhakikisha hakuna kokoto wala mdudu. Ndala za wageni ziache. Zinatoka mguuni, na kidole kinachobana kamba kinaumia. Haya ya kuloweka miguu tuliyomwambia kijana wa Morogoro, wewe usiyafanye.

Mwanao atangulie kwa simu: "Baba ana amri ya daktari, atavaa viatu vya ndani." Sentensi hiyo ikisemwa mapema, hakuna mkwe atakayeona ukaidi. Mwenyeji naye akimwona mzee amechelewa kuinama, amwambie aingie alivyo. Zulia linafuliwa.

Ni fundi umeme. Wateja wengine wananiambia nivue buti ndio niingie. Nikatae?
*Fundi, Nairobi*

Kataa kwa upole, kaka. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, na mguu mtupu kwenye sakafu, hasa yenye unyevunyevu, unaipa shoti njia rahisi ya kupita mwilini kwenda ardhini. Buti haliondoi wajibu wa kuzima swichi kuu na kupima, lakini halipaswi kuvuliwa. Mteja anaogopa uchafu, basi muondolee hofu hiyo: brashi soli nje, tandika turubai safi la mita moja kwa mbili kutoka mlangoni hadi unapofanyia kazi. Vile vifuniko vya plastiki vya kuvalisha juu ya kiatu ni vizuri kwa kupita sebuleni; vitoe kabla ya kupanda ngazi, vinateleza vibaya.

Kwenye msiba wa jirani nilitoka nikakuta viatu vyangu vimeondoka. Vilibaki kandambili namba isiyo yangu. Je, ningefanyaje? Na wafiwa wangeweza kuzuia?
*Msomaji, Mombasa*

Pole dada, na poleni kwa msiba. Mara nyingi hapo hakuna mwizi. Kuna mtu aliyetoka na machozi machoni akaingiza miguu kwenye cha kwanza kilichofanana na chake. Mlango wa upande wa wanawake, kwenye matanga, una kandambili na sendo za aina mbili tatu tu, kwa sababu sote tunanunua duka lile lile.

Unapokwenda msibani vaa kiatu cha bei ndogo na ukitie alama: uzi wa rangi kwenye kamba, au herufi kwa kalamu ya wino mzito chini ya kisigino. Usiviache mbele ya mlango. Vipeleke ukutani, mbali na rundo, vikiwa vimeingizwa kimoja ndani ya kingine. Au uingie navyo kwenye mfuko wa kitambaa uviweke nyuma yako, soli zikiwa zimefunikwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo mfuko wa kitambaa mkobani ni desturi ya kujijengea.

Ukikuta vimeondoka, usipaze sauti na usiombe wafiwa watafute. Chukua kandambili zilizobaki mwishoni, baada ya watu kupungua, umwambie mmoja wa wasaidizi kwa sauti ya chini na uache namba yako. Aliyekosea hurudi akishafika kwake. Kuvaa tu cha mtu mwingine kwa sababu chako kimevaliwa kunaanzisha mlolongo, na mtu wa mwisho anakwenda nyumbani peku.

Sasa kwa wafiwa, au hasa kwa jamaa wanaowasaidia, kwa sababu mfiwa hapaswi kufikiria viatu. Pale mlangoni patawekwa jeneza, yatapita masufuria ya chai, watapita wazee. Teueni kijana mmoja au wawili wenye kazi hiyo tu. Viatu vyote vielekezwe upande mmoja wa mlango, na njia iachwe wazi upana usiopungua mita moja na nusu kutoka kizingiti hadi barabarani. Wabebaji wa jeneza hawaoni miguu yao. Wanatembea ubavu kwa ubavu, wengine kinyumenyume kwenye kizingiti, na kandambili moja iliyolala njiani inatosha kumwangusha mmoja wao na mzigo ukayumba. Dakika kumi kabla ya kutoka, kijana huyo apite afagie njia yote kwa macho. Usiku taa iwekwe juu ya viatu, si juu ya majamvi peke yake.

Majamvi ya nje yapangwe na ukingo wa kuvulia. Yakitandikwa hadi kwenye udongo wa njia, kila anayevua anakanyaga mchanga kwanza. Lazeni gunia au kipande cha turubai cha hatua moja kati ya njia na jamvi. Viatu vinavuliwa kwenye njia, mguu unashuka kwenye gunia, unaingia jamvini. Waliokaa kwenye viti chini ya turubai hawana haja ya kuvua, ila wakiitwa kwenye dua jamvini.

Mgeni wangu hutoka chooni na ndala za chooni, akapita juu ya mswala. Nisemeje?
*Msomaji, Unguja*

Usingoje afike hapo. Anapoomba kwenda chooni, mpeleke, umwonyeshe: "Ndala hizi ni za humu ndani, zako zinakungoja hapa mlangoni." Za chooni ziwe za rangi moja isiyofanana na za sebuleni, zikae upande wa ndani wa kizingiti. Nje ya mlango weka tambara kavu, kubwa la kutosha miguu miwili. Mtu anamwagia miguu maji safi, anaikung'uta, anatoka kwenye ndala na kukanyaga tambara. Maji ya chooni ambayo hujui yametoka wapi yakishafika kwenye mswala, hutatulia kusali juu yake hadi uufue, kwa hiyo mswala ukunjwe na kuwekwa juu ya kiti mara sala inapokwisha. Mswala uliotandikwa muda wote katikati ya njia utakanyagwa tu, na lawama si zote za mgeni.

Tumehamia Göteborg. Watu huku wanavua viatu kila nyumba, kama kwetu Pwani, lakini nilipobaki peku mwenyeji alinitazama kwa mshangao.
*Msomaji, Sweden*

Wamekubaliana na Pwani kuhusu kiatu, wakatofautiana kuhusu mguu. Sweden, Norway na Finland viatu huachwa karibu na mlango kwa sababu ya theluji, tope na chumvi ya barabarani, lakini mgeni hutarajiwa abaki na soksi. Mguu mtupu kwenye nyumba ya mtu usiyemzoea unaonekana kama umejiachia mno. Beba soksi nene safi mkobani, na kwenye karamu ya mavazi rasmi beba viatu vya ndani kwenye mfuko. Wenyeji wenyewe hufanya hivyo. Japani nako ni soksi, kuna ndala za nyumbani na nyingine za chooni tu, na hata hizo za nyumbani huvuliwa mbele ya mikeka yao ya tatami. Oman utajiona uko kwenu: vua mlangoni mwa majilisi, peku ni sawa, nyayo zisielekee mtu.

Ukirudi likizo, soksi zivue. Kwenye vigae vilivyopigwa deki, soksi ya sufu inakuangusha kabla hujasalimia.

Kijijini kwetu uwanja wote ni udongo uliofagiliwa vizuri, na mikeka imetandikwa chini ya mwembe. Wageni kutoka mjini huvua viatu tangu wanapoingia uani. Ni heshima au ni kupita kiasi?
*Msomaji, Kilifi*

Nia yao ni njema, lakini viatu vivuliwe ukingoni mwa mkeka tu. Uwanja ni wa viatu, hata uwe umefagiliwa hadi ung'ae. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya miguu. Mayai yake hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye udongo wenye kivuli na unyevu kwa siku moja au mbili, na ndani ya siku tano hadi kumi kiluwiluwi kiko tayari kumwingia mtu anayepita peku. Chini ya mwembe, karibu na choo cha shimo, karibu na bomba linalovuja: hapo ndipo pake. Funza naye hupenda udongo mkavu wa vumbi na huingia pembeni mwa kucha. Aliletwa kutoka Amerika hadi pwani ya magharibi ya Afrika mnamo 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka bara hadi huku kwetu.

Basi waambieni wageni, "Njooni na viatu hadi mkekani." Tandikeni gunia kwenye ukingo, kama tulivyosema juu ya msiba. Na watoto wa nyumbani wawekewe ndala mbili au tatu pembeni mwa mkeka, za ukubwa wowote, ili anayekimbilia chooni katikati ya mchezo apate cha kuingiza miguu bila kutafuta.